Pikipiki ya Theluji ya Babu Arvidi

Neema, binti yangu, ndiye aliyeniletea habari, na wala hakujua kwamba ni habari. Alirudi kutoka shifti ya asubuhi, akavua viatu pale mlangoni pa apatimenti yetu ya Hopkins, Minnesota, akakaa kwenye kiti cha jikoni na koti lake bado mwilini, akasema, "Mama, kazini tumeletewa mgonjwa mpya. Mzungu. Basi leo namvalisha soksi, ananiambia, 'Pole na kazi, binti.' Nikageuka nikidhani ni Njeri mwenzangu kasema." Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nikamwuliza ni mzungu wa wapi huyo. Akasema, "Majina ya wagonjwa sitakiwi kuyataja, Mama, unajua. Lakini Kiswahili chake si cha kujifunza kitabuni. Anasema 'hebu' na 'ati' kama watu wa kwetu. Akili ndiyo imekwenda. Kutwa anauliza kama ng'ombe wameshanyweshwa." Nikaacha maharage. Nikamwuliza, "Ana kovu hapa kidevuni, limepinda kama ukucha?" Neema akanitazama. Hakunijibu, kwa sababu hakutakiwa kunijibu, lakini nimemzaa mwenyewe na uso wake naujua. Nikasema, "Anaitwa Karini. Karini Nordahl, binti wa Mchungaji Nordahl na Mama Doroti. Kovu lile alilipata siku nilipoiangusha pikipiki ya theluji ya babu yake."

Wajukuu wangu wamesikia tangu wadogo kwamba bibi yao aliendesha pikipiki ya theluji kabla mama yao hajazaliwa, na hawajaamini hata siku moja. Ivoni, yule wa kati, hunijibu kwa Kiingereza chake huku akicheka, ananiambia, Bibi, wewe hata ngazi za umeme za dukani unaziogopa. Ni kweli naziogopa. Picha sina. Nilikuja Minnesota mara ya kwanza nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, kabla watu wa kwetu Singida hawajahamishiwa kwenye vijiji, nikaja kumlea Pauli, kitinda mimba wa Mchungaji, mmisionari wa kwetu, familia yake ilipokuja huku likizo ya mwaka mmoja. Baba yangu alikubali kwa sharti moja tu, kwamba nitapelekwa shule. Nilikuwa nimeishia darasa la pili. Mchungaji alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Atasoma pamoja na Karini." Habari za ukoo wangu siziandiki hapa, kila mtu ana zake. Ninaloliandika ni kwamba niliposikia Karini yuko Woodbury, kwenye nyumba ya wazee anapofanya kazi binti yangu, jambo la kwanza lililonijia si furaha. Lilinijia swali. Kuna asubuhi moja ya mwaka ule dereva wa basi la shule alinifungulia mlango akaniita nipande, na Karini akamjibu kwa Kiingereza, lugha ambayo wakati ule sikuijua, na mlango ukafungwa. Nilitaka kujua alimjibu nini. Wa kunieleza hakubaki mwingine ila yeye.

Woodbury ya leo ni nyumba mpya zinazofanana, na maduka yenye maegesho mapana kuliko uwanja wa mpira. Woodbury ile ilikuwa mashamba. Tulikaa kwa Babu Arvidi, baba yake Mchungaji, mzee mrefu aliyekula kimya na kupangusa sahani yake kwa mkate mpaka ikang'aa. Mimi na Pauli tulilala chumba cha nyuma ya jiko, chumba kilichokuwa cha kuhifadhia viazi, na ukutani kwake palikuwa bado na harufu ya udongo, nikaipenda kwa sababu hiyo. Asubuhi kulipokuwa bado giza nilisikia Babu Arvidi akishuka ngazi, akiweka kahawa motoni, akiongea na mbwa wake Diuki. Kwa mbwa alikuwa na maneno. Kwetu sisi hakuwa nayo. Halafu nilisikia kamba ikivutwa kule bandani, mara moja, tena, tena, injini ikakohoa, ikazima, ikakohoa, ikashika. Ilikuwa pikipiki ya theluji ya njano, kuukuu hata kwa wakati ule. Mbele ina miguu miwili ya chuma kama miguu ya bata, nyuma mkanda mpana wa mpira unaozunguka. Kioo chake cha plastiki kilikuwa kimepasuka, naye alikishona kwa waya kama mtu anavyoshona kibuyu. Moshi wake ulikuwa wa bluu, wa petroli iliyochanganywa na oili, na ulipita chini ya mlango ukaingia mpaka kwenye blanketi la Pauli. Hata leo, hapa Hopkins, jirani akiwasha mashine ya kukata nyasi na moshi ule ukanifikia dirishani, nasimama na chochote nilichoshika.

Theluji yenyewe haikunishtua kama walivyotaka nishtuke. Mama Doroti aliniita dirishani siku ya kwanza ilipoanguka, akanitazama mimi badala ya kuitazama theluji, nami nikasema tu, "Ni kama kando ya ziwa letu." Kwetu ziwa ni la chumvi, na kiangazi maji yakirudi nyuma yanaacha weupe unaoumiza macho. Karini alicheka, kwa sababu ziwa lile alilijua, alikuwa amekulia kando yake kama mimi. Yeye ndiye aliyenipandisha pikipiki mara ya kwanza. Alikuwa amenizidi miaka miwili. Sasa mimi nilikuwa nimepanda chombo kimoja tu maishani mwangu, karia ya baiskeli ya mjomba Yeremia, na sheria ya karia ilikuwa kukaa kama gunia. Usitikisike, usiiname, baiskeli ikilala upande huu wewe jivute upande ule. Hivyo ndivyo nilivyokaa. Tulipofika kwenye kona ya uzio Karini akalala kushoto, nami kwa kumsaidia nikajivuta kulia kwa nguvu zangu zote, na pikipiki yote ikapinduka. Nilizama kwenye theluji mpaka masikioni. Nilipotoa kichwa nikamwona amekaa, damu inamtoka kidevuni, imedondoka kwenye theluji matone mekundu.

"Raheli! Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nilikuwa naizuia isianguke."

"Ndiyo umeiangusha!" Akaanza kucheka huku ameshika kidevu, nami nikacheka kwa woga. "Sikiliza. Kona ikija, lala nami. Upande wa ndani. Mimi nikilala na wewe ulale."

"Na tukianguka?"

"Tukianguka tutaanguka wote. Lakini hatutaanguka."

Babu Arvidi alimfunga kidevu kwa kitambaa cha kuchujia maziwa, akanitazama kwa muda mrefu, akasema maneno machache. Nikajua nafukuzwa. Nikamwuliza Karini amesemaje. "Anasema hajawahi kubeba mzigo mbaya kama wewe," akasema Karini, na Babu Arvidi, ambaye hakujua tunasema nini, akatikisa kichwa kukubali. Kuanzia hapo aliniita kwa neno lake hilo, Mzigo, kwa Kiingereza, nami niliitika. Ndivyo nilivyojifunza kulala kwenye kona.

Kutoka nyumbani mpaka barabara ya basi njia ilikuwa imezikwa na theluji, na Babu Arvidi alikataa kuifukua kwa trekta, akisema trekta ni ya kazi na si ya kupeleka watoto shule. Kwa hiyo Karini alikwenda kwa pikipiki. Lakini pikipiki ile haikuweza kuachwa barabarani. Ikisimama kutwa pale, mkanda wake uliolowa theluji hugandia chini, na ukija kuiwasha mpira unachanika. Bandani tuliiegesha juu ya mbao kwa ajili hiyo. Na injini ikishapoa kwenye baridi ile, kuivuta kamba mpaka ishike ni kazi ya mwanamume mzima. Ilibidi awepo mtu wa kwenda na Karini na kuirudisha ikiwa bado moto. Mtu huyo nikawa mimi. Kila asubuhi Mama Doroti alimchukua Pauli kutoka mgongoni kwangu, akabaki amemshika na ile kanga yangu, nami nikakaa nyuma ya Karini, mikono nimeizungusha kiunoni mwake, uso nimeuficha mgongoni kwake. Pale barabarani tulingoja tukikanyagakanyaga. Basi la njano lilitokea, likasimama, Bwana Glen dereva akafungua mlango na sharubu zake zimeganda, joto likatoka ndani pamoja na kelele za watoto na harufu ya machungwa. Karini akapanda, akageuka, akasema maneno yale yale ya kila siku: "Haya, rudisha. Usizime."

Nikarudi peke yangu. Nitasema ukweli, wakati ule wa kurudi ulikuwa mzuri kuliko wote katika mwaka ule. Hapakuwa na mtu wa kuniita. Mbele ilikuwa nyeupe tupu, nyuma moshi wa bluu, na mimi msichana wa Singida nimevaa viatu vya marehemu mke wa Babu Arvidi, aliyeitwa Ingrid, nimelala kwenye kona ya uzio bila kuanguka. Wakati mwingine nilizunguka shamba zima kabla ya kwenda bandani, na Diuki akinifuata akibweka. Nilidhani huo ni mwanzo wa kitu. Nilidhani nimeshaanza kuwa mtu wa mahali pale, na shule inakuja tu nyuma yangu kama abiria. Jioni Babu Arvidi aliiwasha tena, nikaenda kumpokea Karini, na tulipofika bandani hakuingia ndani mara moja. Dirisha la banda lilikuwa limeota barafu kwa ndani, naye aliandika juu yake kwa ukucha yale waliyofundishwa, akanifanya niyasome, akayafuta kwa pumzi, akaandika mengine. Ninachoandika hapa kimetoka kwenye dirisha lile. Hata herufi ya K naiandika kama yeye, mguu mmoja mrefu kupita mwingine.

Jumapili tulikwenda makanisani. Mchungaji aliwaonyesha watu picha za Singida ukutani, kisha niliitwa mbele na kitenge changu juu ya sweta, nikaimba wimbo mmoja kwa Kiswahili, watu wakafuta macho, tukashuka chumba cha chini kula. Kulikuwa na bakuli za viazi na nyama vilivyookwa pamoja mpaka huwezi kutofautisha, na kitu cha kijani kinachotikisika chenye karoti ndani yake, na chapati nyembamba za viazi zilizopakwa siagi na sukari, hizo nilizila kweli. Mimi nilikaa jikoni na akina mama, nikapangusa vikombe. Waliongea Kiingereza juu ya kichwa changu. Siku moja, kabla ya Krismasi, mama mmoja mnene aliyeitwa Edna alitaja jina langu, akataja shule, neno lile nililijua. Mama Doroti akacheka kicheko kidogo, cha puani, akajibu maneno mengi, na ndani ya maneno mengi nikasikia Krismasi. Njiani kurudi, nyuma ya gari, nikamnong'oneza Karini, "Wamesema nini?"

"Mama Edna ameuliza mbona huendi shule. Mama kasema baada ya Krismasi, ukishazoea baridi."

"Mimi nimeshazoea."

"Najua," akasema Karini. Akatazama nje.

Krismasi ikaja, ikapita. Nilipewa soksi na kitana. Hakuna aliyesema kitu, nami sikuuliza, kwa sababu nilikolelewa mtoto hamkumbushi mkubwa ahadi yake, anakaa pale anapoonekana. Basi nikakaa nionekane. Kila asubuhi nikavaa gauni langu la kanisani chini ya koti, nikachana nywele, nikapaka mafuta usoni na miguuni, halafu nikapanda nyuma ya Karini. Mama Doroti aliliona gauni. Alishusha macho kwa Pauli, akamfunga vizuri kofia yake. Sasa mimi nami ni mama na bibi, na nikimkumbuka mwanamke yule amesimama pale mlangoni na mtoto mikononi, simwoni kama mtu mbaya. Namwona amechoka. Alihitaji mtu wa kumshikia mtoto, na mtu huyo alikuwepo nyumbani mwake, na kila siku iliyopita bila mtu kusema kitu ilikuwa rahisi kuliko siku ya kusema. Hilo ndilo linaloniumiza. Angekuwa mbaya ningekuwa na mtu wa kumchukia.

Asubuhi ninayoisema baridi ilikuwa ya kukausha mate mdomoni. Basi liliposimama Bwana Glen hakuishia kufungua mlango. Aliinama mbele, akanitazama mimi, akapigapiga kwa mkono wake kiti kilicho nyuma yake, kilichokuwa kitupu, akaniita kwa kichwa. Nilielewa. Hakuna lugha katika jambo lile. Niliteremka kwenye pikipiki na injini inaunguruma, nikapiga hatua, mguu mmoja ukawa juu ya ngazi ya basi. Naikumbuka ngazi ile, ilikuwa ya chuma yenye mistari, theluji imeshikana kwenye mistari. Juu yangu alikuwa amesimama Karini. Akageuka kwa Bwana Glen, akasema maneno, si mengi. Bwana Glen akanitazama, akainua mabega. Karini akashusha macho mpaka kwangu. "Haya, rudisha," akasema. "Usizime." Nikaondoa mguu. Mlango ukafungwa.

Jioni nilimpokea kama kawaida, na tulipofika bandani nikamwuliza, "Bwana Glen alisema nini?"

"Alisema kuna nafasi. Upande kama unataka."

"Wewe ukasema nini?"

Alikuwa akibandua barafu kwenye glavu zake, kipande kimoja kimoja. "Nilimwambia, pikipiki itarudishwa na nani."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, Raheli."

Siku ile hakuandika kitu dirishani. Na mimi maneno yale nimeyageuza miaka yote hii kama mtu anayegeuza jiwe akitafuta upande wa kulishika. Huenda ilikuwa kweli, akili ya kitoto, aliwaza pikipiki ya babu yake na hasira za babu yake. Huenda alikuwa ameagizwa na mama yake. Au alisema jambo jingine kabisa, kwamba huyu si wa kusoma, huyu ni mfanyakazi wetu, akaona aibu kunitafsiria. Nilipenda kumwamini. Lakini nililala chumba kile cha viazi nikisikiliza pumzi za Pauli, nikajua kwamba maisha yangu yamepita mbele yangu kwa lugha nisiyoijua.

Theluji ikayeyuka. Pikipiki ikapandishwa juu ya mbao, ikafunikwa turubai, na Karini akawa anakwenda barabarani kwa miguu kwenye matope, hahitaji mtu. Mchungaji alisema shule itakuwa kule nyumbani, tukirudi. Tulirudi, nao baada ya muda wakahamishwa kituo, Karini akapelekwa bweni la watoto wa wamisionari, sisi tukahamishiwa kijijini, nikaolewa, nikazaa. Shule sikuiona tena ila kwa nje. Niliposikia Mchungaji amefariki, na baadaye Mama Doroti, habari zilitangazwa kanisani kwetu pamoja na matangazo ya mavuno, nami nilisimama na wenzangu kuwaombea. Pauli yupo, Neema alikuja kuniambia, anaishi mbali na hupiga simu kumwulizia dada yake. Lakini Pauli alikuwa mtoto wa mgongoni. Mgongo hauwezi kumwambia kitu.

Neema alimwomba msimamizi wake, akakubali niwe mgeni wa kawaida, maana Karini hakuwa na wageni wengine. Kabla ya kwenda nilimpitisha Neema kwenye duka moja la mtaa wa Frogtown, pale University Avenue, nikatafuta unga wa uwele, hawakuwa nao, nikachukua wa ulezi. Nikapika uji, nikautia kwenye chupa ya chai. Njiani Neema alizunguka na gari ili nione kama nitalitambua shamba. "Ni hapa, Mama? Au kule kwenye benki?" Nilitazama kila upande. Sikuona banda, sikuona uzio wenye kona. Hata mti mmoja wa zamani hawakuuacha. "Tuendelee tu, mwanangu," nikasema. Uji ulikuwa unapoa.

Karini alikuwa amekaa dirishani kwenye kiti cha magurudumu, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mvulana. Kovu lilikuwepo. Nikasimama mlangoni nikapiga hodi, akageuka upesi, uso umechangamka. "Karibu! Shikamoo." Amenizidi miaka miwili na ananiamkia. Ningefanya nini? Nikaitika marahaba. Akanitazama mikono. "Umekuja kufua?"

"Hapana, Karini. Nimekuja kukusalimia. Mimi ni Raheli."

"Raheli ni mdogo," akasema, akanionyesha kwa mkono kimo cha msichana.

"Amekua. Amezeeka. Ndiye mimi."

"Hebu, mama, acha utani wako." Na alisema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mgeni, halafu akaanza kutazama tena nje.

Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Uji alikunywa wote, akakwangua kikombe kwa kijiko. Njeri, yule Mkenya anayefanya kazi na Neema, aliniambia, "Ai, mum, huyu sasa ni wako. Uji ya hapa ameikataa kabisa, juzi aliimwaga kwa viatu zangu mpya." Siku nyingine Karini alinichukulia mpishi, siku nyingine mke wa mwinjilisti, siku moja aliniogopa akalia. Raheli hakunifanya hata mara moja. Nilimwonyesha mikono yangu, nikamwimbia ule wimbo wa makanisani. Nilimtajia Diuki, na Babu Arvidi, na Ingrid mwenye viatu, na Mama Edna, majina yote, nikayapanga mbele yake kama vyombo mezani. Aliyasikiliza kwa adabu. Neema akaniambia jikoni usiku ule tukila, "Mama, usijiumize. Haurudi nyuma ugonjwa ule. Unakwenda mbele tu." Nikamwambia najua. Nilikuwa najua. Lakini wiki iliyofuata nikapika tena.

Siku ya swali theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri, na mwanamume mmoja alikuwa akisafisha njia ya magari nje ya dirisha kwa mashine ndogo ya kuvuta kamba. Akavuta mara moja, tena, tena. Ikakohoa, ikazima, ikakohoa, ikashika. Karini akainua kichwa. Mgongo wake ukanyooka kwenye kiti. "Babu ameiwasha," akasema.

Nikasogeza kiti changu karibu. "Nani anaendesha leo?"

"Mimi. Raheli yuko nyuma." Akacheka. "Mara ya kwanza alituangusha."

Nikajua kwamba hiyo ndiyo nafasi na haitakuja nyingine. "Karini. Asubuhi ile basi lilipokuja, Bwana Glen akamwita Raheli apande. Wewe ulimwambia nini?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, macho yakienda na kurudi, kama mtu anayetafuta kitu kwenye chumba chenye giza anachokijua. Kisha uso wote ukafunguka. "Raheli alipanda," akasema. "Alikaa na mimi, dirishani. Nilimmenyea chungwa."

"Alipanda?"

"Alipanda. Raheli alijua kusoma sana." Akanipiga mkono kidogo, kunituliza, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka naye hakujua ya nini. "Yuko shule sasa hivi. Atarudi jioni."

Sikumbishia. Nilikuwa nimekwenda pale kutafuta shahidi, na shahidi alikuwa amenipa mwaka mwingine, mzuri, ambao haukuwepo. Sijui aliutengeneza lini. Pengine ugonjwa ndio ulioutengeneza, pengine alikuwa nao tangu zamani kwa sababu ule wa kweli hakuuweza. Hilo nalo sitalijua. Mwaka ule wa kweli, wenye ngazi ya chuma na mguu wangu juu yake, sasa umebaki kwangu peke yangu, na mimi nikienda umekwisha. Nje mashine ikazima, na Karini naye akazima nayo, akarudi kutazama kioo.

Njeri akaja kusema chakula kiko tayari. Nikamsukuma Karini kwenye ukumbi ule mrefu mpaka chumba cha kulia, ambako huwahamisha wagonjwa kwenye viti vya kawaida ili wale kama watu nyumbani kwao. Njeri akamshika upande mmoja, mimi upande wa pili, tukamwinua, tukamkalisha. Kulikuwa na joto mle ndani, na kelele za vijiko. Karini akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Halafu akageuka, akanitazama, si kama mgeni, si kama mpishi, akasema kwa sauti ile ile, "Haya, rudisha. Usizime."

Njeri akaangua kicheko. "Usizime nini, mum? Hicho kiti hata engine hakina!"

Nikakigeuza kile kiti kitupu, nikaanza kukisukuma kurudi chumbani kwake. Kwenye kona ya ukumbi mwili wangu ukalala wenyewe, upande wa ndani.